Datsun ya Dunga

Kabla ya kukata chochote, Jaduong' hugonga. Hushika bisibisi upande wa chuma na kugonga bati kwa mpini wa mbao, akianzia chini ya mlango na kwenda polepole kuelekea gurudumu la nyuma, vidole vya mkono wa kushoto vikitangulia. Bati zima hutoa mlio mkavu, wa juu. Bati lililoliwa kutoka ndani hutoa mlio mfupi, uliozibwa, hata pale rangi ya nje inapong'aa bado. Mlio ukibadilika husimama, hurudi nyuma kidogo, hugonga tena, kisha huchora mstari kwa chaki. Akimaliza upande mmoja, mpaka wa kutu unaonekana wote. Ndipo huchukua msumari uliochongoka na kuusukuma ndani ya mstari. Unaingia. Nje ya mstari hauingii.

Gari analolisikiliza ni Datsun 240Z ya 1972: milango miwili, boneti ndefu, paa linaloteremka hadi nyuma bila kukatika. Liko uani kwake Dunga, kando ya barabara inayoshuka kwenye ufuo wa wavuvi, upande wa kusini wa mji wa Kisumu. Ukisimama langoni unaona mafunjo ya kinamasi, na mbele yake Ghuba ya Winam. Lilitoka kwenye shamba la chai huko Nandi miaka mingi iliyopita, likiwa zima, naye akaliendesha mpaka gasketi ya hedi ilipoungua. Kipuri kilikosekana, karo za watoto hazikungoja, na gari likaingia chini ya kibanda cha mabati. Hewa ya ziwa haina chumvi kama ya Mombasa, lakini ina unyevu usiokwisha, na unyevu unaolala mahali pamoja bila upepo hula chuma taratibu na kwa uhakika.

Kwa Mkenya wa rika lake, 240Z haihitaji kutambulishwa. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya 1971 kwa gari la aina hii. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena nalo, kwa namna ambayo wazee bado wanaisimulia: Mehta alifungana kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa pia kwenye Datsun, na ushindi akapewa Mehta kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa kwa kuchelewa. Mehta alizaliwa Kampala, na familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka uliotangulia. Jaduong' alikuwa kijana wakati huo, akifuata matokeo kwenye redio. Hakuota kwamba gari lenye sura ile lingefika uani kwake.

Ufundi wake hakuupata kwenye magari. Aliupata kwenye karakana ya meli ya Shirika la Reli, bandarini Kisumu, na katika chumba cha injini cha MV Uhuru, feri ya kubeba mabehewa iliyoanza kazi 1966. Bandari ile ina historia ya vyombo vilivyofika vipande vipande. SS William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa, ikasafirishwa baharini na nchi kavu, ikaungwa upya Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, kabla hata reli haijafika ziwani. Mtu aliyelelewa katika karakana ya namna hiyo hafungui kitu bila kukipa namba. Tabia hiyo aliihamishia nyumbani, na ndiyo inayoiendesha familia nzima katika kazi hii.

Kufungua kulianza kwa daftari. Mke wake, fundi cherehani, ndiye mwenye kulitunza, maana mwandiko wake unasomeka. Kila kipande kinachotoka hupigwa picha kwa simu na mjukuu wao kikiwa bado mahali pake, kisha hutolewa, husafishwa kwa mafuta ya taa, hutiwa kwenye mfuko wenye karatasi ya namba, na namba ile huandikwa daftarini pamoja na maneno machache: bawaba ya mlango wa kushoto, juu, washa mbili. Bolti na nati zinakaa kwenye mikebe ya Kimbo, mkebe mmoja kwa kila sehemu ya gari. Hakuna kinachotupwa, hata kilichooza, kwa kuwa kilichooza ndicho kielelezo cha kutengenezea kipya.

Bolti iliyoganda kwa kutu ina adabu yake. Jaduong' huipaka mafuta mepesi jioni na kuiacha ilale. Asubuhi huiwekea spana ya duara, ile inayokamata pembe zote, na jambo la kwanza analofanya ni kuikaza kidogo, kidogo sana, mpaka asikie imevunja usingizi. Kisha robo zamu ya kulegeza, kisha nyuma tena, mafuta zaidi. Ikikataa, huipasha nati moto kwa mtungi wa gesi hadi ibadilike rangi, akaiacha ipoe yenyewe. Mwanawe mkubwa, anayechomelea mageti na madirisha Kibuye, amezoea kazi ya haraka. Wateja wake husimama hapohapo wakingoja. Siku moja alinyoosha mkono kuchukua grainda aikate bolti ya springi. Baba yake hakugeuka.

“Hiyo tukiikata, ya kuirudishia utaitoa wapi?”

Kijana akaweka grainda chini. Bolti ilitoka kesho yake, nzima, nyuzi zake zote zikiwa salama.

Sakafu ndiyo iliyokuwa imeharibika zaidi, pamoja na kile kibao cha chini ya betri ambako matone ya tindikali yamekula rangi kisha yakala bati. Mahali hapa ndipo mafundi wengi wa bodi hukosea, nami nasema hivyo kwa kuwa nimeona magari yaliyokunjika. 240Z haina chesisi ya kujitegemea kama pikapu. Bodi ndiyo mifupa: sakafu, vizingiti vya milango na nguzo za kioo vimeshikana kubeba injini na watu. Ukikata sakafu yote kwa pamoja, gari hujikunja kwa milimita chache tu, na milimita hizo zitakufuata maisha yako yote. Mlango hautafunga, kioo cha mbele kitapasuka chenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kukata, Jaduong' aliweka bodi juu ya vigogo vinne na kuisawazisha kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, kama waashi wanavyosawazisha msingi. Maji hayadanganyi; yakilingana kwenye ncha zote mbili, pande mbili zimelingana. Akapima kwa utepe kutoka kona hadi kona, mshazari kwa mshazari, mke wake akiandika. Mwanawe akachomelea mabomba ya pembe nne kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, kila upande, na mengine yakavuka gari kwa upana. Hapo ndipo kipande cha kwanza cha sakafu kilipokatwa. Cha pili hakikuguswa mpaka cha kwanza kilipozibwa, na kila mara utepe ulirudishwa kwenye kona zilezile na namba zikalinganishwa na za daftari.

Kiraka huanza kama karatasi ngumu ya boksi. Anaikata, anaijaribu, anaipunguza, anaikunja pale bati litakapokunjwa, hadi ikae bila kushikwa. Ndipo huihamishia kwenye bati la geji 18, lenye unene wa kama milimita 1.2, na kulikata kwa mkasi wa bati, akiacha ukingo mdogo wa kupunguza baadaye. Sehemu iliyo bapa ni rahisi. Kazi iko kwenye mbonyeo, pale sakafu inapopanda kufunika gia boksi. Kwa hilo ana gogo la mwembe lililochimbwa bakuli kwenye uso wake, na mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga wa ziwa. Hulaza bati juu ya bakuli na kupiga kwa nyundo ya mbao, akianzia karibu na ukingo na kuzunguka kuja ndani, kila pigo likigusa nusu ya pigo lililotangulia. Hapigi kwa nguvu. Mkono unainuka kwa kimo kilekile na kushuka kwa uzito uleule, na bati, lililokuwa limenyooka, huanza kuingia taratibu. Likianza kukunjamana pembeni husimama na kulainisha mikunjo kwanza, maana mkunjo ukiachwa ulale juu ya mwenzake hautoki tena. Mwisho hulisugua kwa nyundo ya chuma yenye uso laini, kipande cha chuma cha duara kikiwa kimeshikiliwa upande wa pili, mpaka kiganja kikipita juu yake kisikutane na kitu.

Kuchomelea ni kwa mwana. Kwa upande huu baba humwachia, naye sasa amebadilika. Huweka nukta moja ya moto kwenye kona, akaruka hadi kona ya mkabala, akaweka nyingine. Kisha katikati ya upande huu, katikati ya upande ule. Halafu hungoja. Bati jembamba likipashwa mfululizo hutanuka, na likipoa huvuta kila kilicho karibu nalo, sakafu ikatoka na mawimbi. Akiweza kulaza kiganja juu ya mshono bila kuungua, huendelea. Mshono wenye urefu wa mkono unaweza kula asubuhi nzima. Usiku, mjukuu huingia ndani ya gari na tochi, babu na baba yake hulala chini, na popote nukta ya mwanga inapopenya huzungushiwa chaki. Puti hairuhusiwi kuziba tundu. Puti ni ya kulainisha uso kwa unene wa ukucha, basi, na nusu ya magari “yaliyotengenezwa” ninayoyaona mjini yangekuwa hai leo kama kanuni hiyo ingefuatwa.

Injini ya 240Z ina silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Ni ya ukoo mmoja na injini ya silinda nne ya Datsun 1600 SSS. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 83, na sehemu kadhaa ndogo za utaratibu wa vali huingiliana. Undugu huo uliokoa pesa. Binti yao aliye Nairobi alizunguka kwa wauza vipuri vya zamani akiwa na picha na vipimo alivyotumiwa kwa simu, na vilivyopatikana vikaja Kisumu kama mzigo wa basi. Vichache vilibidi viagizwe kutoka ng'ambo. Wapo waliomshauri mzee aweke injini ya Toyota ya juzi, ingewaka siku hiyohiyo. Nafurahi hakuwasikiliza. 240Z yenye injini ya gari jingine ni boneti tu.

Silinda zilipimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili, kwa kuwa silinda iliyochakaa haipanuki sawasawa. Huliwa zaidi karibu na juu, pistoni inapogeukia. Zikapelekwa kuchongwa kwenye karakana ya mashine mjini. Vali zilibaki nyumbani. Ziko 12, mbili kwa kila silinda, na kila moja ilikaa kwenye tundu lake katika ubao aliotoboa mwenyewe, ili isirudi kwenye kiti kisicho chake.

Kusaga vali ndiyo sehemu ya kazi hii niliyoitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Jaduong' hupaka unga wa kusagia, mzito kama dawa ya meno, kwenye ukingo wa vali, akaiteremsha mahali pake, akabandika juu yake kijiti chenye kikombe cha mpira. Kisha hukiviringisha kijiti kati ya viganja viwili, mbele na nyuma, kama anayepekecha moto. Sauti ya kwanza ni ya kukwaruza. Baada ya muda hulainika na kuwa mvumo. Hapo huinua vali, huigeuza kidogo, huiteremsha tena, ili usagaji usishike sehemu moja. Unga mkali ukimaliza kazi hufutwa wote kwa kitambaa na unga laini hufuata. Anachotafuta ni pete moja ya kijivu kuzunguka ukingo, yenye upana sawa, isiyokatika popote. Pete ikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, anaanza upya. Vali zikishafungwa na springi zake, hedi hugeuzwa juu chini, kila kifuko hujazwa mafuta ya taa na kuachwa mpaka asubuhi. Silinda ya 4 ilivujisha. Aliifungua tena bila kusema neno.

Hedi ilifungwa bolti kwa bolti, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa hatua tatu. Mnyororo wa kemshafti ukalinganishwa alama kwa alama. Nafasi za vali zikapimwa kwanza injini ikiwa baridi, na baadaye ikiwa imechemka: milimita 0.25 kwa vali za kuingiza, 0.30 za kutolea moshi. Jani la chuma la kupimia linatakiwa lipite kwa kuburuta kidogo tu, na uburutaji huo haumo kwenye kitabu chochote. Umo vidoleni.

Kisha zikaja kabureta. Ziko mbili, kila moja ikilisha silinda tatu, na ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kufuata pumzi ya injini, ikivuta sindano inayopunguza au kuongeza petroli. Zisipovuta hewa sawa, injini hutetemeka na kula petroli bure. Njia ya kuzilinganisha ni ya zamani: unashika ncha moja ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta, nyingine unaiweka sikioni, na kusikiliza mvumo wa hewa. Ukihama kwenda ya pili, mvumo uwe uleule. Lakini Jaduong' aliacha masikio yake katika chumba cha injini cha meli. Bado husikia bati likigongwa, hasa kwa vidole. Mvumo mwembamba wa hewa haumfikii tena.

Basi mjukuu, msichana wa sekondari, ndiye huweka mpira sikioni. Babu hushika bisibisi kwenye skrubu ya hewa na kumtazama usoni.

“Ya nyuma inavuta zaidi, Kwara.”

Anageuza skrubu kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Msichana anahama mbele, anasikiliza, anarudi nyuma, anafumba macho.

“Bado kidogo.”

Wakaendelea hivyo jua likipanda. Injini iliyokuwa ikitikisa vigogo ilitulia hatua kwa hatua, mpaka glasi ya maji iliyowekwa juu ya mfuniko wa vali ikabaki na uso uliotulia. Bibi alitoka jikoni kuuliza kama imezima. Haikuwa imezima.

Viti ni vya bibi mwenyewe. Alifumua vitambaa vya zamani mshono kwa mshono, akavilaza mezani, akavitumia kama ramani ya kukatia vipya, akikumbuka kuongeza pale ambapo kitambaa cha zamani kilikuwa kimenyauka. Cherehani yake haikupenya tabaka nne za ukingo, hivyo sehemu hizo zilishonwa kwa mkono na jirani anayeunga nyavu, kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta.

Rangi ilipigwa alfajiri, na hilo ni suala la Dunga hasa. Mchana upepo wa ziwa hugeuka na kuingia nchi kavu, ukileta vumbi, na jioni mara nyingi kuna mvua ya ngurumo. Tena kuna wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kwa mawingu na kutua juu ya chochote kinachong'aa. Familia ilizungusha kibanda karatasi za nailoni, ikashonea vyandarua kwenye nafasi za hewa, na sakafu ikanyunyiziwa maji ili vumbi lisiamke. Bodi ilikuwa imeshapigwa msasa kwa wiki nyingi, wa 180, wa 320, kisha wa 600 kwa maji ya sabuni, kila mwenye mikono akishiriki. Rangi ni ile ya kiwandani, ya machungwa, namba 918. Mwana alipiga tabaka la kwanza jembamba kiasi kwamba praima ilionekana chini yake, akangoja, akarudia. Mkono ulisafiri sambamba na bati bila kusimama kwenye kona, na bunduki ya rangi ilifunguliwa kabla ya kufika ukingoni na kufungwa baada ya kuupita.

Gari sasa linasimama kwenye magurudumu yake. Milango yote miwili inafunga kwa kusukumwa na kidole, na vile vipimo vya mshazari vilivyoandikwa kabla ya kukata vimetofautiana na vya leo kwa chini ya milimita mbili. Kilichobaki ni raba ya kioo cha mbele, ambayo haijafika. Nimeona magari ya zamani yaliyofufuliwa kwa pesa nyingi zaidi katika karakana zenye mashine zote, na hili halina la kuyaonea haya.

Magari ya rika hili yako bado kwenye nyua nyingi za nchi hii: 160J, 1600, hata Peugeot 404 zilizoshinda Safari mara nne kati ya 1963 na 1968. Mikokoteni ya chuma chakavu hupita kila wiki kuyauliza. Kama unalo moja, usiliuze kabla ya kumketisha aliyeliendesha na kumwuliza lilivyofungwa, na mtu mwenye mwandiko unaosomeka awe karibu na daftari. Vifaa vya kuanzia si vingi. Bolti nyingi za Datsun ya miaka ile hufunguka kwa spana nne: namba 10, 12, 14 na 17.